Ankara Tatu za Cherehani Kimoja: Kisa cha Kuunganisha Programu ya Usafirishaji na Mfumo wa Hesabu wa Duka Dogo

Kuhusu kisa hiki

Duka linalozungumzwa hapa lipo Kariakoo, Dar es Salaam, na linauza vyerehani pamoja na vipuri vyake kwa mafundi wa mikoani. Jina la duka, la kampuni ya vifurushi na la programu ya usafirishaji yameachwa kwa makusudi, na viwango vya fedha vimewekwa katika namba za karibu bila kuharibu uwiano wake. Mimi nilikuwa mshauri wa mfumo. Nililipwa kusimamia kazi ya fundi wa programu na kuthibitisha majaribio kabla mfumo haujaanza kutumika, kwa hiyo sehemu ya makosa yatakayoelezwa ni yangu, nami nimeyaweka mahali pake bila kuyapamba.

Duka na namna lilivyofanya kazi

Duka lina watu saba: mmiliki, mhasibu anayekuja siku tatu kwa wiki, wauzaji wawili, wafungashaji wawili na kijana wa kupeleka mizigo stendi. Wateja wake ni mafundi cherehani na wenye karakana ndogo za kushona sare, wengi wao wakiwa Mbeya, Mwanza, Songea na Tabora. Oda huja kwa simu na kwa WhatsApp. Bidhaa ni za aina mbili zisizofanana kabisa kwa ukubwa. Kuna vitu vidogo, yaani sindano, bobini, mikanda, uzi na miguu ya cherehani, ambavyo vyote hukaa ndani ya mfuko mmoja. Na kuna cherehani chenyewe, ambacho hakisafirishwi kikiwa kimeunganishwa. Kichwa hufungwa katika boksi lake, meza na stendi ya chuma hufungwa peke yake, na mota, kama mteja ameitaka, huwa boksi la tatu. Msomaji aishike sentensi hiyo, maana kisa chote kimesimama juu yake.

Mizigo iliondoka kwa njia mbili. Mingi ilikabidhiwa kampuni ya vifurushi, ambayo kwa oda za kulipia wakati wa kupokea ilichukua fedha kwa mteja kwa niaba ya duka, ikakata gharama zake, kisha ikatuma kilichobaki kila Ijumaa. Mingine, hasa ya wilayani, ilipelekwa Mbezi na kupakiwa kwenye basi, ikapewa risiti ya kuandikwa kwa mkono, risiti ikapigwa picha, na picha ikatumwa kwa mteja pamoja na namba ya simu ya ofisi ya basi.

Hesabu zilitunzwa kwenye QuickBooks Online, programu ya uhasibu inayotumika kwa mtandao. Duka limesajiliwa katika Kodi ya Ongezeko la Thamani, hivyo kila mauzo yalitolewa risiti ya EFD, yaani mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, yenye kodi ya asilimia 18, kiwango kilichohusika wakati wa kisa hiki, na ritani, yaani taarifa ya kodi, ya kila mwezi ilipaswa kufika Mamlaka ya Mapato (TRA) ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kabla ya mfumo mpya, mfungashaji aliandika oda kwenye daftari, muuzaji akaingiza kiasi kilekile kwenye mashine ya EFD, na mhasibu akaja kuyaandika yote upya kwenye QuickBooks. Oda moja iliandikwa mara tatu na watu watatu, na siku za msimu mhasibu alibaki nyuma kwa wiki nzima. Mmiliki alichokitaka kilikuwa cha haki kabisa: jambo liandikwe mara moja.

Uamuzi wa kuunganisha

Wakati huo duka lilikuwa limekwisha kuanza kutumia programu ya usafirishaji iliyounganishwa na kampuni ya vifurushi, kwa ajili ya kuchapa lebo na kupata namba za ufuatiliaji. Swali likawa namna ya kuifanya izungumze na QuickBooks. Ilifikiriwa njia ya kutoa faili la Excel kila jioni na kulipakia upande wa pili. Ikakataliwa kwa sababu ilimtegemea mtu kukumbuka. Ilifikiriwa huduma ya kulipia kwa mwezi inayounganisha programu mbili bila kuandika msimbo. Ikakataliwa kwa sababu ilitozwa kwa dola na kwa idadi ya miamala, na mmiliki hakutaka gharama inayopanda kila biashara inapochangamka. Tukabaki na njia ya tatu: fundi aandike programu ndogo, iwekwe kwenye seva ya kukodi, ipokee taarifa kutoka upande wa usafirishaji na kuandika ankara upande wa hesabu.

Katika kikao cha kupanga kazi mmiliki alitoa agizo kwa sentensi moja: kila mzigo unapotoka, ankara iingie. Fundi akaliandika hivyohivyo, nami nikalikubali. Hakuna aliyeuliza neno "mzigo" lina maana gani kwa yule aliyelisema. Kwa mmiliki, mzigo ni kile alichoagiza mteja, husema "mzigo wa fundi wa Songea umeshatoka?" hata kama ni mabunda matatu. Kwa programu ya usafirishaji, mzigo ni boksi moja lenye lebo moja na namba moja ya ufuatiliaji. Neno lilikuwa moja, na kila mmoja wetu aliondoka kikaoni akiwa na maana yake.

Mfululizo wa matukio

Majaribio yalifanyika mwishoni mwa Oktoba kwa oda 20. Nilizichagua mimi, nikachukua oda zote za Jumanne moja ili nisionekane nimechambua zile rahisi. Siku hiyo hakukuuzwa cherehani hata kimoja. Oda zote 20 zilikuwa za vipuri, kila moja ikiwa na kifurushi kimoja, na ankara zote 20 zilitoka sahihi hadi shilingi ya mwisho. Nikaweka saini.

Mfumo ulianza kutumika tarehe 1 Novemba. Siku ya tatu ulinyamaza. QuickBooks huipa programu ya nje tokeni ya kuingilia, yaani ufunguo wa muda, inayodumu saa moja, pamoja na tokeni ya pili ya kuihuisha ile ya kwanza. Na hiyo ya pili nayo hubadilishwa mara kwa mara, hivyo programu inatakiwa kuhifadhi kila mara ile mpya iliyopewa. Fundi alikuwa ameihifadhi ya siku ya kwanza na kuendelea kuitumia hiyohiyo. Mlango ukafungwa usiku, na taarifa za vifurushi zikarundikana bila kufika.

Kosa hilo lilirekebishwa kwa nusu siku, lakini marekebisho yake yalizaa jambo lingine. Taarifa zilizorundikana zilipotumwa upya, baadhi zilikuwa zimekwisha kuandikwa, na ankara chache zikaingia mara mbili. Ili lisirudi tena, fundi aliamua kwamba kila ankara ibebe namba isiyoweza kujirudia, na programu iikatae namba iliyokwisha kuwamo. Kwanza alitumia namba ya oda ikifuatiwa na namba ya ufuatiliaji. Namba ya ankara katika QuickBooks haizidi herufi 21, na muunganiko ule ulizidi. Akaiacha namba ya oda, akabaki na namba ya ufuatiliaji peke yake. Ankara pacha zikakoma. Sote tuliona tatizo limekwisha, na tangu siku hiyo hapakuwa tena na alama yoyote kwenye ankara inayoonyesha kwamba ankara mbili ni za oda moja.

Mwezi ulikwenda vizuri, au ulionekana hivyo. Shule hufunguliwa Januari, na mafundi wa sare huanza kununua vyerehani mapema, kwa hiyo mmiliki alipofungua ripoti ya mauzo ya Novemba na kukuta milioni 102, alifurahi bila kushangaa. Kilichomsumbua ni orodha ya wadaiwa, ambayo ilikuwa ndefu kuliko alivyowahi kuiona. Akawaagiza wauzaji wapige simu.

Mmoja wa waliopigiwa alikuwa fundi wa Songea. Aliagiza cherehani kimoja chenye mota, kwa bei ya TSh 472,000 pamoja na usafiri wa TSh 23,600, jumla TSh 495,600, kodi ikiwemo. Alilipa zote taslimu wakati wa kupokea. Orodha ilisema anadaiwa TSh 1,020,700. Alisikiliza kwa adabu, akauliza kama duka limemuuzia vyerehani vitatu, kisha akatuma picha ya risiti yake ya EFD. Muuzaji aliomba radhi na kumweleza mhasibu kuwa "mtandao umekosea". Mhasibu alichukulia kuwa ni kisa cha mteja mmoja, akakiweka kando hadi atakapopata nafasi.

Nafasi hiyo aliipata tarehe 14 Desemba, alipoketi kutayarisha ritani. Desturi yake ya miaka yote ni kujumlisha ripoti za Z za mashine ya EFD, ambazo hutoa jumla ya mauzo ya kila siku, na kuilinganisha jumla hiyo na leja ya mauzo ya QuickBooks. Ripoti za Z zilitoa TSh 62,540,000. Leja ilisema TSh 102,070,000. Tofauti ilikuwa TSh 39,530,000, na ndani yake kodi ya TSh 6,030,000 ambayo duka lingeilipa kwa mauzo ambayo hayakutokea.

Kazi ya kutafuta chanzo ilichukua jioni moja, na haikuhitaji fundi wa programu. Mhasibu alichukua picha ya risiti ya yule fundi wa Songea, akatafuta ankara zenye jina lake, akakuta tatu, kila moja ya TSh 495,600: moja ya kichwa, moja ya stendi, moja ya mota. Programu ya usafirishaji ilibandika thamani ya oda nzima kwenye kila boksi, na programu yetu iliandika ankara kwa kila boksi. Kati ya oda 418 zilizopita kwa kampuni ya vifurushi mwezi huo, 61 zilikuwa na zaidi ya boksi moja; 61 hizo zilizaa ankara 140 badala ya 61.

Ilibaki kueleza zile TSh 29,500 za juu. Ankara mbili za ziada zilimfanya fundi wa Songea aonekane anadaiwa TSh 991,200, lakini hata ile ya tatu, iliyolipwa, ilionyesha bakaa. Kampuni ya vifurushi ilikuwa imepokea TSh 495,600, ikakata TSh 29,500 za huduma yake, ikatuma TSh 466,100. Programu yetu iliandika kilichofika kuwa ndicho mteja alicholipa. Kwa maana hiyo kila aliyelipia wakati wa kupokea alibaki na deni dogo la gharama ambayo si yake, na mapato ya duka na gharama zake za usafirishaji vikafichana: hakuna mahali popote kwenye leja palipoonyesha kwamba duka limelipa huduma hiyo.

Maamuzi baada ya kugundua

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuuzima muunganiko siku hiyohiyo, na kurudi kwenye kuandika kwa mkono katikati ya msimu. Fundi aliomba siku mbili arekebishe bila kuzima. Mhasibu alikataa, nami nikamuunga mkono, kwa sababu kila saa iliyopita ilikuwa ikiongeza ankara za kuja kufutwa.

Wa pili ulihusu ritani. Ilijazwa kwa kufuata risiti za EFD, si leja, na ikawasilishwa tarehe 19. Huu haukuwa ujanja: risiti za EFD ndizo zilizotolewa kwa wateja, na leja ndiyo iliyokuwa na kasoro.

Wa tatu ndio uliozua mabishano. Mmiliki alitaka ankara 79 za ziada zifutwe zote na kusahaulika. Mhasibu alitaka zibatilishwe, maana katika QuickBooks ankara iliyobatilishwa hubaki mahali pake na namba yake, kiasi kikiwa sifuri, ilhali iliyofutwa hutoweka kwenye orodha na kubaki kwenye kumbukumbu za mabadiliko tu. Hoja yake ilikuwa kwamba mkaguzi akija baada ya miaka miwili na kukuta namba za ufuatiliaji zisizo na ankara, atauliza, na jibu linapaswa kuwapo kwenye karatasi. Alishinda, na kila ankara iliyobatilishwa iliandikiwa sababu pamoja na namba ya risiti ya EFD ya oda husika. Kazi hiyo iliwachukua watu wawili siku tatu. Hatukuifanya bila dosari: katika ankara kadhaa tulibatilisha ile iliyokuwa imeshikishwa malipo, na malipo yakabaki yakielea bila ankara, yakahitaji kushikishwa upya moja baada ya jingine.

Muundo mpya

Kabla ya kuandika mstari wowote wa msimbo, tuliketi na mhasibu, mmiliki, fundi na mfungashaji mmoja, na swali lililowekwa mezani lilikuwa ni tukio gani linalofanya mauzo yawepo. Kuchapwa kwa lebo? Boksi kuondoka dukani? Mteja kupokea? Fedha kuingia? Kila mmoja alikuwa na jibu lake, na yote yalikuwa na mantiki. Tulilochagua ni kutolewa kwa risiti ya EFD. Kwa sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014, kodi huanza kudaiwa kwa kufuata lile linalotangulia kati ya kutolewa kwa ankara, kupokewa kwa malipo na kufanyika kwa mauzo yenyewe. Na kwa duka hili, ambalo haliruhusu mzigo kutoka bila risiti, risiti ndiyo hutangulia karibu kila mara. Isitoshe, ndilo tukio pekee linalotokea mara moja kwa oda, iwe na boksi moja au matano.

Kwa hiyo namba ya oda ikawa ndiyo ufunguo. Programu mpya huandika ankara moja kwa namba moja ya oda, na namba za ufuatiliaji, ziwe ngapi, huwekwa kwenye sehemu ya maelezo ya ankara hiyo. Namba hiyohiyo ya oda hutumwa pia kama kitambulisho cha ombi, ambacho QuickBooks hukitambua: ombi likirudiwa kwa sababu mtandao ulikatika, mfumo hurudisha jibu lile la kwanza badala ya kuandika ankara ya pili. Tangu mwanzo tungeweza kutumia njia hii, na haingehitaji ule ukataji wa herufi.

Fedha za kulipia wakati wa kupokea zilifunguliwa akaunti yake, iliyopewa jina la wazi: "Fedha zetu zilizoko kwa msafirishaji". Taarifa ya kwamba mzigo umepokelewa inapofika, deni la mteja hufungwa kwa kiasi chote alicholipa na kuhamia kwenye akaunti hiyo. Ijumaa fedha zinapoingia benki, akaunti hupungua kwa kiasi kilichotumwa. Gharama ya huduma haiandikwi kifurushi kwa kifurushi. Huandikwa mara moja kwa wiki kutoka kwenye risiti ya EFD ya kampuni ya vifurushi, kwa sababu bila risiti hiyo duka haliwezi kudai kodi iliyolipa kwenye huduma. Katika mfano wa fundi wa Songea, kati ya zile TSh 29,500 kuna kodi ya TSh 4,500, na kwa mwezi mzima wa Novemba kodi ya namna hiyo haikuonekana popote.

Saa nazo zilitusumbua kwa njia mbili. Programu ya usafirishaji hutunza muda wa kimataifa, ambao uko nyuma ya wetu kwa saa tatu, na ghala la kampuni ya vifurushi hufanya kazi usiku. Kifurushi kilichopokelewa ghalani saa saba na nusu ya usiku wa kuamkia tarehe 1 kilisomeka kuwa cha tarehe 30, yaani mwezi mwingine na ritani nyingine. Sasa tarehe ya ankara inatoka kwenye risiti ya EFD, si kwenye taarifa ya kifurushi. Njia ya pili ilikuwa ya kwetu wenyewe. Kwenye fomu ya mizigo ya basi kulikuwa na sehemu ya kuandika saa ya kuondoka, na kijana wa stendi aliandika 12:00 kwa basi la saa kumi na mbili alfajiri, kama ambavyo Mswahili yeyote angeandika. Kompyuta ilisoma adhuhuri, na wateja walitumiwa ujumbe kwamba mzigo wao bado haujaondoka Dar es Salaam wakati basi limekwisha kupita Morogoro.

Jambo hilo la basi lilimalizwa kwa kuliondoa kabisa kwenye muunganiko. Risiti ya basi imeandikwa kwa mkono, haina msimbopau, na pengine nauli ya mzigo hulipwa na mpokeaji bila duka kujua ni kiasi gani. Fundi alikuwa na mpango wa kuisoma kutoka kwenye picha. Tulimshukuru, tukamwambia aache.

Matokeo

Mfumo uliwashwa tena Januari, baada ya majaribio mapya ambayo safari hii oda zake zilichaguliwa na mfungashaji, si mimi. Tulimwambia atuletee zinazomsumbua. Alileta oda ya vyerehani vinne yenye mabunda kumi na moja, oda iliyoongezewa kitu baada ya lebo kuchapwa, oda iliyorudishwa nusu, na oda ya pakiti za sindano ambayo upande mmoja ilihesabiwa kwa pakiti na upande mwingine kwa sindano kumi za ndani yake. Mbili kati ya hizo zilianguka kwenye jaribio, zikarekebishwa kabla ya kuwasha.

Katika mwezi wa kwanza jumla ya ripoti za Z na leja zilitofautiana siku mbili tu, na siku zote mbili sababu ilikuwa mashine ya EFD kukosa mtandao na risiti kuchelewa kuingizwa. Orodha ya wadaiwa ilirudi kuwa na watu wanaodaiwa kweli. Mhasibu bado huja siku tatu, ila sasa siku moja anaitumia kulinganisha badala ya kuandika upya. Yule fundi wa Songea alitumiwa mikanda miwili bila malipo pamoja na barua, na ameendelea kununua.

Nilivyoyaona makosa na mafanikio

Fundi wa programu bado anashikilia kwamba kosa ni la programu ya usafirishaji, kwa kubandika thamani ya oda nzima kwenye kila boksi. Sikubaliani naye. Lebo ya boksi inahitaji kuonyesha mzigo huo ni wa oda ya thamani gani na fedha ngapi zikusanywe. Programu ilisema kweli kwa mujibu wa kazi yake. Sisi ndio tuliochukua namba iliyowekwa kwa ajili ya dereva wa pikipiki anayekusanya fedha mlangoni, tukaipeleka kwa mhasibu kama namba ya mauzo.

Kosa langu la majaribio linastahili kuelezwa zaidi, kwa sababu lilifanana sana na uangalifu. Nilichukua siku nzima bila kuchagua, nikidhani kutochagua ni kutenda haki. Lakini asilimia 85 ya oda za duka zina kifurushi kimoja, na karibu nusu ya fedha zote inatoka kwenye zile chache zilizobaki. Sampuli iliyofuata idadi ya oda isingeweza kuonyesha mahali fedha zilipo. Mfungashaji angejibu swali hilo kwa dakika moja, ila katika kikao cha kwanza hakualikwa, kwa kuwa tulidhani hii ni kazi ya ofisini.

Marekebisho ya wiki ya kwanza ndiyo yanayonirudia zaidi kichwani. Ankara pacha zilikuwa dalili, nasi tuliiponya dalili kwa kuweka namba isiyojirudia, na kwa kufanya hivyo tukaifuta alama pekee ambayo ingemwonyesha mhasibu ukweli kwa kutazama tu. Kama namba ya oda ingebaki kwenye ankara, ankara tatu zenye namba moja zingeonekana wiki hiyohiyo. Kwa haraka ya kuepuka herufi mbili tatu za ziada tulinunua wiki sita za giza.

Kilichotuokoa kilikuwa mashine ya EFD, ambayo mmiliki alitaka sana nayo iunganishwe tangu mwanzo ili muuzaji asiandike chochote. Tuliahirisha kwa sababu ya gharama, si kwa sababu ya hekima. Kama tungeiunganisha Novemba, mashine ingetoa risiti tatu kwa oda moja, ripoti za Z zingekubaliana na leja, na mhasibu asingekuwa na kitu cha kulinganisha. Duka lingelipa ile kodi ya milioni sita kwa kujiamini. Sasa mmiliki ameombwa aiache hesabu hiyo moja iendelee kuingizwa na mkono wa mtu, walau kwa mwaka huu, naye amekubali kwa shingo upande.

Yapo mawili ambayo hayajatengemaa. Mteja anapokataa mzigo wa kulipia wakati wa kupokea, risiti ya EFD imekwisha kutolewa na kodi yake imekwisha kuhesabiwa. Mauzo hayo inabidi yapunguzwe kwa hati, na hati hiyo inasubiri mzigo urudi dukani ukaguliwe, jambo ambalo kwa Mwanza au Songea linaweza kuvuka mwisho wa mwezi. Mhasibu anaziandika kwenye karatasi ya pembeni na kuzifunga moja moja. La pili ni daftari la basi, ambalo bado lipo mezani kwa wafungashaji. Sehemu ya saa kwenye fomu ya mizigo ya basi imebadilishwa isikubali tarakimu. Kijana wa stendi sasa huandika kwa maneno, "saa kumi na mbili alfajiri", na muuzaji huusoma mstari huo kama ulivyo anapompigia mteja simu.